Jimbo Lenye Bahari

Fomu ilikuwa na kurasa nne, na tatu nilizijaza siku hiyo hiyo niliyopewa. Ukurasa wa nne ndio ulionishinda. Ulikuwa na mstari mmoja wa kuandika jimbo la Kanada ambako mwombaji anataka kusoma, na chini yake mstari mwingine wa sahihi ya mzazi. Majimbo yenyewe yalikuwa matatu tu, yamepigwa chapa pembeni: Ontario, Saskatchewan na British Columbia. Chagua moja, walinambia wizarani, na ukishachagua usije tena hapa kutwambia umebadili nia.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, na mimi nilikuwa nafanya kazi katika maabara ya kilimo, kupima udongo. Wiki moja tukiletewa udongo mwekundu wa mashamba ya mikarafuu, wiki nyingine tukienda wenyewe Paje kuchota ule wa pwani uliojaa chembe za matumbawe, ambao ukiutia tindikali unafoka povu mpaka nje ya bilauri. Wenzangu waliiona kazi ya kuchosha. Mimi niliipenda, na niliijua kuliko wengi wao, na sikuwa na haya ya kulisema hilo mbele yao. Mkuu wetu alipopata habari ya nafasi za masomo Kanada alilitaja jina langu hadharani bila ya kuniuliza. Nikajifanya nimeudhika kidogo, maana sikutaka kuonekana nimefurahi kupita kiasi.

Tangu siku hiyo kila mtu akawa mjuzi wa Kanada. Mkuu wetu hakuwa na shaka hata chembe. Saskatchewan, alisema, ndiko kwenye udongo. Mweusi, mzito, unachimba mpaka kiunoni na bado ni udongo tu, hukutani na jiwe. Alisema hivyo huku akilitazama kwa huruma bakuli la udongo wa Paje lililokuwa mezani. Mama yangu naye alitaka Ontario. Alikuwa ameiangalia ramani kwa makini, akaona kuwa kipande kimoja cha Ontario kimeteremka chini kuliko yale majimbo mengine, na kwa hesabu yake kitu kilichoteremka chini kimekaribia kwetu, na kilichokaribia kwetu kina joto.

"Hapa unaweza kuvaa kanga," alinambia, kidole chake kikiwa juu ya maziwa ya Ontario.

Mimi nilikipenda kijitabu cha British Columbia, na sababu yake sikuthubutu kumwambia mtu. Ukurasa wa tano kulikuwa na picha ya bahari. Haikuwa bahari ya kujivunia. Ilikuwa ya kijivu, wingu limeilalia, magogo makubwa yametupwa ufukweni, na ndege mmoja amejikunyata juu ya gogo, amelowa. Lakini ilikuwa bahari. Nyumba yetu Mji Mkongwe ukipanda darini unaiona bahari, na ukishuka chini unaisikia harufu yake katika nguo zilizoanikwa. Nilikuwa sijapata kulala hata siku moja mahali ambapo siwezi kufika pwani kwa miguu. Jumapili moja nilikichukua kijitabu cha Saskatchewan nikaenda kukaa nacho Forodhani, nikisema labda nikikisoma kwa utulivu nitakipenda. Nikatazama mashamba ya ngano, bapa, yanakwenda mpaka mwisho wa karatasi na bila shaka yanaendelea nje ya karatasi. Sikuona pwani popote. Nikakifunga kijitabu, nikanunua bakuli la urojo.

Nilijua hiyo si sababu ya mtu mzima. Mtu anapelekwa na serikali yake kusomea udongo, halafu anachagua jimbo kwa ajili ya magogo na ndege aliyelowa! Kwa hivyo sikumuuliza mtu. Mchana mmoja, mama kajinyoosha na nyumba kimya, nilichukua kalamu ya wino nikaandika BRITISH COLUMBIA kwa herufi kubwa, nikapuliza wino ukauka, nikaificha fomu sandukuni katikati ya kanga zangu.

Ikabaki sahihi ya baba. Nasema sahihi, lakini sahihi ilikuwa jambo dogo; nilichokuwa nakitaka ni radhi yake. Bila ya radhi ya baba nisingepanda ndege hata kama fomu ingetiwa sahihi na waziri. Hakuna aliyenilazimisha hivyo. Ndivyo nilivyolelewa, na hata kwa ukaidi wangu wote hilo sikuwahi kubishana nalo.

Baba yangu alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha chini Mkunazini, chembamba, ukikaa unakitazama kichochoro na ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa jirani. Watu walimletea saa za mkono, saa za mezani, saa ndefu za kusimama kutoka majumba ya watu, hata saa za misikitini. Nyumbani kwetu saa ya ukutani hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa ila yeye. Kila siku, muadhini alipoanza tu adhana ya magharibi, baba aliiangalia. Ikiwa imetangulia aliirudisha, ikiwa imechelewa aliisukuma, mpaka isome saa kumi na mbili kamili, kisha ndipo anakwenda kutawadha. Saa za skuli na za ofisini zilifuata redio. Baba alizitengeneza vizuri kama nyingine, lakini moyoni alikuwa anaamini kuwa mwenye amri juu ya saa ni jua, na mwingine yeyote anajipachika tu.

Kwetu jambo kubwa hulipeleki kwa baba moja kwa moja. Linapita kwa mama. Mama alimpandishia baba chai, akakaa huko juu muda mrefu, akateremka.

"Baba yako kasikia," alisema.

"Kasemaje?"

"Nshakwambia, kasikia."

Kesho yake baba aliagiza, kwa njia ile ile, kwamba avione vile vijitabu vitatu. Nikampa mama, mama akampa yeye. Akavifunga katika leso akaenda navyo dukani, na huo ukawa mwisho wa habari. Siku mbili, tatu, wiki. Tulikula pamoja, nikamwamkia asubuhi na jioni, akaniitikia kwa upole kama siku zote, na habari ya Kanada hakuigusa. Kwa akili yangu, mtu aliyekubali husema. Aliyenyamaza kiasi hicho anatafuta njia ya kukataa bila ya kumuumiza mtoto wake.

Mimi nina hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nimemrithi bibi yangu mzaa baba, ambaye aliwahi kumnunia mtu Ramadhani nzima kwa sababu ya ungo. Nikaanza kuosha vyombo kwa kelele. Nikawa nafunga milango kwa nguvu, kisha nasema ni upepo.

"Ziwache sufuria zangu," mama alinambia siku moja. "Hizo hazijakukataza kitu."

Fomu ilitakiwa irudi wizarani Jumamosi. Alhamisi ya wiki hiyo, siku ya kumi na sita tangu baba achukue vijitabu, nilitoka kazini nikaingia nyumbani kuichukua fomu, nikaitia mkobani, na sikupitia kwa mama wala kwa mtu. Nilikwenda moja kwa moja Mkunazini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ngoja."

Lenzi ilikuwa jichoni, na kwenye ncha ya kibano alikuwa ameshika skurubu ambayo mimi hata sikuiona. Nikangoja nimesimama. Alipoiweka mahali pake nilikuwa nimeshachemka.

"Baba, Jumamosi fomu inarudi. Kama hutaki nende, nambie hutaki, nijue moja. Siku kumi na sita nnakaa nnaangalia uso wako!"

Kwenye kichochoro mtu aliyekuwa anapita alipunguza mwendo ili asikie. Baba alimtazama mpaka akaondoka.

"Nani kakwambia sitaki?" aliniuliza. Kisha akaonesha kwa kidevu ukuta wa kushoto. "Tazama pale."

Nikatazama. Kulikuwa na saa tatu zimepangwa mstari, ambazo zamani hazikuwepo. Moja ilikuwa na kioo kilichopasuka, nyingine haikuwa na mlango. Chini ya kila moja alibandika kikaratasi, na juu yake ameandika kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo alizozizoea. Nikazisoma polepole. Onterio. Britishi Kolumbia. Ile ya katikati ilikuwa Saskachuani, na ilimchukua kikaratasi kizima na kupinda kwenda chini.

"Za watu walioziacha tangu zamani," alisema. "Nimezitia vyuma nkazifufua. Karani wa ofisi ya simu kanandikia masaa ya huko."

Ilikuwa saa kumi alasiri. Saa ya Ontario, kwa hesabu za kizungu zinazoanzia usiku wa manane, ilionesha nane, ya Saskatchewan saba, ya British Columbia tano. Baba alisimama kando ya saa zake akanifasiria, na sikuwahi kumuona akizungumza maneno mengi hivyo kwa mara moja. Hawa wa Ontario sasa hivi asubuhi imeshaingia, wanakwenda kazini. Hawa wa katikati ndio kwanza wanaamka. Hawa wa mwisho wamelala, kwao alfajiri.

"Na muda wote huu umenyamaza unatengeneza saa?"

"Wiki ya mwanzo nlikuwa natengeneza. Wiki ya pili nkasikia jambo baya."

Akafungua kijitabu, akaweka kidole kwenye mstari ambao yule karani alimfasiria. Mwezi wa nne wa kila mwaka, alisema, Ontario serikali inatoa amri watu wazisogeze saa zao mbele saa nzima. Mwezi wa kumi wanazirudisha. Na British Columbia vivyo hivyo.

"Jua liko pale pale!" alisema. "Watu wameamka na saa moja yao, wanaambiwa hapana, hii ni saa mbili. Na wanakubali!"

Alilisema kwa uchungu ambao hakuuonesha aliposikia kuwa huko ulevi unauzwa dukani mchana kweupe. Kisha uso wake ukatulia, akaigusa saa ya katikati.

"Ila hawa. Hawa hawasogezi. Karani kansomea mara mbili, nkamwambia nsomee tena. Mwaka mzima saa yao ni moja. Andika hawa."

Nilitakiwa nifurahi. Mkuu wangu anataka Saskatchewan, baba yangu anataka Saskatchewan, na jawabu niliyoingoja siku kumi na sita ilikuwa ndiyo. Badala yake nikaliona lile shamba la ngano na nikapanda moto upya.

"Baba, mimi nnakwenda kusoma udongo, siendi kutengeneza saa. Zisogezwe zisisogezwe, wewe inakuhusu nini?"

Mara tu lilipotoka nilitamani kulirudisha. Baba hakupandisha sauti. Aliitoa lenzi, akaipangusa na ncha ya kanzu, akakaa.

Lazima niseme hapa kuwa nina kaka mmoja, mkubwa wangu, ambaye alijiunga na meli za biashara mwaka uliofuata Mapinduzi. Hakutupotea. Kadi zake zilikuja mara mbili tatu kwa mwaka, zina picha nzuri za bandari, na tulizichomeka kwenye fremu ya kioo. Lakini kadi ikifika yeye ameshaondoka pale zamani, na hatujui ameelekea wapi.

"Baada ya magharibi nkikaa kwenye mswala nnakuombeeni nyote," baba alisema. "Mama yako nnamuona, yuko jikoni. Wewe nnakuona, unagonga sufuria. Kaka yako sijui nimuweke wapi. Sijui kwake mchana, sijui usiku, sijui kalala, sijui yuko kazini. Nnamuombea hivyo hivyo. Sasa na wewe unaondoka. Nnataka nkikuombea nijue: saa hizi anavaa viatu, saa hizi anatoka nyumbani. Basi. Sina jengine."

Nilisimama mle dukani nikaona aibu ambayo mpaka leo naikumbuka joto lake masikioni. Kumbe mtu alikuwa hanikatalii kitu. Alikuwa ananitafutia mahali pa kuniweka. Nikasema moyoni, Saskatchewan, na bahari na ikae na wenyewe.

"Ntaandika hiyo, Baba," nilimwambia. "Nnakwenda nyumbani kuandika."

"Kwani fomu huna hapo?" Alikuwa ameshaiona imechungulia mkobani. "Lete, nitie sahihi kabisa."

"Kuna pahala nirekebishe kwanza."

"Lete."

Nikampa. Baba hakujua Kiingereza, lakini herufi za kizungu alizijua kwa kuzisoma miaka mingi kwenye nyuso za saa. Aliuangalia ule ukurasa wa nne, akavivuta vijitabu, akalinganisha herufi kwa herufi na kidole. Cha kwanza sicho. Cha pili sicho. Akafika cha tatu.

"Hii siyo Saskachuani."

"Siyo."

"Na hii wino."

"Naam, Baba."

"Ushaandika lini?"

"Kabla hujavichukua vitabu."

Hapo nikangoja. Nilikuwa namwambia baba yangu kuwa nilikuja kumuomba radhi ya jambo ambalo nilikuwa nimeshaliamua kwa siri, na mimi huyo huyo nimemjia juu dukani kwake kwa kuchelewa kujibu. Juu ya meza palikuwa na wembe anaotumia kukwangulia kutu.

"Nipe wembe, Baba, niikwangue. Haitaonekana."

Aliuchukua wembe akauweka upande wake wa mbali.

"Huko kuna nini?"

Nilikuwa na majibu mazuri niliyoyatunga zamani, kuhusu vitabu na walimu na misitu. Yote yakanipotea.

"Bahari."

"Bahari tu?"

"Bahari tu, Baba."

"Na hawa wasiosogeza saa hawana?"

"Hawana. Mtu anasafiri siku nzima na zaidi mpaka aione."

Akainuka na kijitabu, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akatafuta mpaka akaipata ile picha ya ukurasa wa tano. Akaitazama muda mrefu, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali.

"Mbaya bahari yenyewe," alisema.

"Mbaya."

"Na imejaa magogo."

"Imejaa, Baba."

Akacheka kwanza yeye, kwa pua, na mimi nikamfuata, na nilipoanza kucheka nikagundua kuwa nalia pia. Hakunambia ninyamaze. Alirudi mezani, akaisafisha kalamu, akatia sahihi kwenye ule mstari wa pili, kutoka kulia kwenda kushoto, bila ya haraka, chini kidogo tu ya wino wangu. Kisha akaugeukia ukuta. Aliishusha saa ya Ontario, akaishusha ya Saskatchewan. Hii ya pili aliishika mkononi kidogo kabla ya kuiweka kabatini, akaikalisha vizuri.

"Huo mwezi wa nne, siku gani wanaisogeza?"

"Sijui, Baba. Ntakuandikia."

"Uniandikie kabla. Ntaisogeza."

Mama nilimkuta jikoni. Nilipomwambia kuwa baba ametia sahihi alipiga kigelegele kifupi, akauliza kama jimbo lenyewe liko chini kwenye ramani. Nikamwambia liko pembeni. Akasema pembeni si vibaya, pembeni kuna upepo.

Niliondoka mwezi wa tisa. Mwezi wa nne uliofuata nilimwandikia baba mapema, kama nilivyoahidi, ila barua za wakati ule zilikuwa na safari zao, na yangu ilifika Unguja siku kumi na tisa baada ya wenyeji wangu kuzisogeza saa zao. Jawabu aliiandika yeye mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida. Barua za nyumbani akiandika mama. Alinisalimia, akanieleza kuwa wote wazima, na kwamba saa ameshaisogeza jioni ile ile barua ilipofika. Kisha akasema kuwa kwa hesabu yake, siku zote zile kumi na tisa alikuwa akiniombea dua ya kutoka nyumbani saa nzima baada ya mimi kuwa nimeshatoka, na akaniomba nimwambie kweli, nisimfiche, kama kuna kitu chochote nilichopungukiwa.

Nilimjibu siku hiyo hiyo kuwa sikupungukiwa na kitu.